Rekodi za joto la dunia: namba inatoka wapi, na kituo cha Mbeya kinaingia vipi

Taarifa za joto la mwaka 2024 zilipotangazwa Januari 2025, kila taasisi ilikuja na namba yake. NASA ya Marekani ilisema dunia ilizidi wastani kwa nyuzi 1.28 za Selsiasi. NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani hiyohiyo, ikasema 1.29. Copernicus, huduma ya tabianchi ya Ulaya, ikasema 1.60. WMO, yaani Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lilichukua rekodi sita kwa pamoja likatoa 1.55, na pembeni likaandika kwamba jibu la kweli linaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa 0.13. Wote walikubaliana kuwa 2024 ndio mwaka wenye joto kubwa kuliko yote tangu vipimo vianze. Lakini mtu wa Makete au Njombe, ambaye kila kipupwe anaona barafu nyeupe ya alfajiri ikiunguza majani ya viazi, ana haki kabisa ya kuuliza: namba hizo zinatoka wapi, mbona hazifanani, na sisi huku tumo?

Tumo. Nitaeleza kwa kufuata kazi yenyewe inavyofanyika, hatua moja baada ya nyingine, kwa sababu ukishajua hesabu inapita wapi ndipo unapojua wapi inaweza kuharibika. Na inaharibika zaidi kwenye kituo, kabla haijafika kwenye kompyuta ya mtu yeyote wa Ulaya au Marekani.

Kila mmoja anaanzia mahali pake

Mlima Rungwe una mita 2,960 ukipima kutoka usawa wa bahari, na pungufu kidogo ya 2,500 ukipima kutoka maji ya Ziwa Nyasa. Mlima ni uleule. Namba za joto la dunia ziko hivyohivyo. NASA inaanzia wastani wa miaka 1951–1980. NOAA inatumia karne nzima ya 20, yaani 1901–2000. Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, ambayo rekodi yake ya HadCRUT hutengenezwa pamoja na Chuo Kikuu cha East Anglia, imezoea 1961–1990. Copernicus na WMO, wakitaka kuonyesha dunia imepanda kiasi gani tangu viwanda vianze kushika kasi, wanatumia 1850–1900.

Zihamishe zote kwenye 1850–1900 uone: NASA inakuwa karibu 1.47, NOAA karibu 1.46, HadCRUT 1.53, Copernicus 1.60. Zimesogeleana. Pengo linalobaki linatokana zaidi na karne ya 19 yenyewe, wakati meli zilikuwa chache na sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na kipimajoto hata kimoja. Kuhusu miaka ya karibuni hakuna mzozo wa maana. NASA inakadiria kwamba wastani wa mwaka kwa miaka hamsini hivi iliyopita una mashaka ya nyuzi 0.05 tu, na ukirudi hadi 1880 mashaka yanafika 0.15.

Kuhamisha mwanzo ni kazi ya dakika mbili kwenye jedwali la kompyuta. Chukua safu ya namba za mwaka, tafuta wastani wa miaka unayoitaka, tuseme 1991–2020, kisha utoe wastani huo kwenye kila mwaka wa safu ileile. Ukiwa na data ya kila mwezi, fanya hivyo kwa kila mwezi peke yake: Januari kwa Januari, Julai kwa Julai. Kosa la kawaida ni kuchora mstari wa NASA na wa HadCRUT kwenye grafu moja bila kuhamisha, halafu mtu anasema mmoja kati yao anadanganya.

Hakuna anayejumlisha joto lenyewe

Kinachojumlishwa ni tofauti kati ya joto la mwezi na wastani wa mwezi huo kwenye kituo hicho hicho. Nyanda za Juu Kusini ndipo mahali pazuri kuliko pengi kuelewa kwa nini.

Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kyela iko kwenye mita kama 500, mji wa Mbeya kwenye 1,700 hivi, mji wa Njombe zaidi ya 1,900. Kutoka Kyela hadi Mbeya ni safari ya saa chache kwa basi, lakini joto linashuka karibu nyuzi 8. Sasa chukua namba za mfano. Julai moja Kyela ina nyuzi 22, Mbeya 15, Njombe 13. Wastani ni 16.7. Mwaka unaofuata kila mahali kumepanda kwa 0.4, ila kipimajoto cha Njombe kimevunjika na hakuna kipimo. Unabaki na 22.4 na 15.4, wastani 18.9. Umepata ongezeko la nyuzi 2.2 ambalo halipo popote isipokuwa kwenye karatasi yako. Ukitumia tofauti, Kyela inasema +0.4, Mbeya +0.4, na jibu ni +0.4, Njombe iwepo isiwepo.

Hapo ndipo linapojibiwa lile dai la miaka mingi kwamba dunia "imepashwa joto" kwa kufuta vituo vya milimani. Kituo cha baridi kikitoka kwenye hesabu hakipandishi chochote, maana kilichokuwa kinachangia si baridi yake bali mabadiliko yake.

Kuna faida nyingine. Joto lenyewe linabadilika kutoka bonde hadi kilima, lakini tofauti husafiri mbali: mwezi wenye baridi isiyo ya kawaida huwa na baridi hiyo Songea, Iringa na Sumbawanga kwa pamoja. James Hansen na Sergej Lebedeff wa NASA walionyesha hilo mwaka 1987, na NASA mpaka leo inaruhusu kituo kiwe na sauti hadi umbali wa kilomita 1,200, sauti ikififia kadiri unavyokwenda mbali. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 670, kwa hiyo zinasikilizana. Uhusiano huu ni dhaifu zaidi karibu na ikweta kuliko kule Ulaya au Siberia, na kwa sababu hiyo kituo kimoja huku kikikosekana pengo lake linauma zaidi.

Ukitaka kuhesabu tofauti za kituo chako, fuata utaratibu wa WMO. Joto la siku ni la juu kabisa jumlisha la chini kabisa, gawa kwa mbili. Wastani wa mwezi haukubaliki iwapo siku 11 au zaidi zimekosekana, au siku 5 mfululizo. Kwa kila mwezi wa kalenda tafuta wastani wa miaka 30, na angalau miaka 24 kati ya hiyo iwe na kipimo cha mwezi huo. Utakuwa na namba kumi na mbili. Hizo ndizo unazotoa.

Mafinga na Dar es Salaam kwenye mraba mmoja

Dunia hugawanywa kwa miraba. HadCRUT inatumia miraba ya nyuzi 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, jumla 2,592. Mbeya iko kwenye mraba wa latitudo 5 hadi 10 kusini na longitudo 30 hadi 35 mashariki. Humo mna Sumbawanga, Mpanda, Ziwa Rukwa lote, kusini mwa Ziwa Tanganyika na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mstari wa longitudo 35 unapita kati ya Makambako na Mafinga. Kwa hiyo Makambako na Njombe zinahesabiwa pamoja na Mbeya, wakati Mafinga na Iringa zinahesabiwa pamoja na Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam, Zanzibar na Mafia.

Mtu akisikia hivyo anashtuka: Iringa na Mafia wapi na wapi? Kama tungekuwa tunajumlisha joto ingekuwa upuuzi. Kwa tofauti inawezekana. Na kwa kuwa mraba wa Iringa una bahari ndani yake, tofauti za vituo vya nchi kavu huchanganywa na tofauti za maji ya bahari kwa uwiano wa eneo.

Kisha miraba yote hupewa uzito kulingana na ukubwa wake halisi. Huku kwetu mraba mmoja una upande wa kilomita 550 na ushee, eneo la kama kilomita za mraba 306,000. Kule kaskazini ya mbali, latitudo 60 hadi 65, mraba wenye nyuzi hizohizo hauna hata nusu ya eneo hilo, kwa sababu mistari ya longitudo inabanana kuelekea ncha. Anayesahau kuzidisha kwa kosaini ya latitudo anaipa Aktiki uzito mkubwa mno, na Aktiki ndiyo inayopata joto kwa kasi kuliko kwingine, hivyo jibu lake linazidi.

Mraba wa Mbeya ni asilimia 0.06 tu ya uso wa dunia. Julai yenye baridi kali Kitulo ndani ya mwaka wa joto kubwa duniani haipingani na chochote. Kwa upande mwingine, ile nyuzi 1.5 inayotajwa kwenye mikutano ya tabianchi ni wastani wa nchi kavu na bahari pamoja. Ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilikadiria kwamba kwa miaka 2011–2020, nchi kavu ilikuwa imepanda nyuzi 1.59 juu ya 1850–1900, bahari 0.88, na wastani wa dunia 1.09. Sisi tunalima nchi kavu. Hilo mtu wa kahawa ya Mbozi alijue anapopanga miche ya miaka thelathini ijayo.

Kituo kikihama mlima unashuka

Uwanja wa ndege wa zamani wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi. Uwanja wa Songwe, ulioanza kazi Desemba 2012, uko chini yake kwa kama mita 350. Chukulia mtu ana vipimo vya uwanja wa zamani hadi 2012, ana vya Songwe kuanzia 2013, akaviunganisha chini ya jina moja la "Mbeya". Mita 350 kwa nyuzi 6.5 kila mita 1,000 ni karibu nyuzi 2.3. Grafu yake itaonyesha Mbeya imepata joto ndani ya mwaka mmoja kuliko dunia nzima ilivyopata kwa miaka 170. Hakuna aliyedanganya, kila kipimo ni sahihi pale kilipopimwa.

Kwenye mkusanyiko mkubwa wa dunia uitwao GHCN, wenye vituo zaidi ya 25,000, miruko ya namna hii hutafutwa kwa kulinganisha kituo na majirani zake. Unachukua Mbeya toa Iringa, Mbeya toa Songea, Mbeya toa Tabora, Mbeya toa Dodoma, mwezi kwa mwezi. Hali ya hewa ya kweli hugusa majirani wote, hivyo ukitoa inafutika. Kinachobaki ni mstari unaotikisika kidogo. Mistari yote minne ikiruka mwezi uleule, mhusika ni Mbeya. Ukiruka mmoja tu, wa Songea, basi tatizo liko Songea. Baada ya kupata ukubwa wa mruko, vipimo vya nyuma husogezwa vilingane na vya sasa. Matthew Menne na Claude Williams wa NOAA walichapisha njia hiyo mwaka 2009, na hufanya kazi bila mtu kuchagua kituo kwa jicho.

Njia hii inahitaji majirani wengi wenye rekodi ndefu. Ujerumani na Marekani wanao. Huku kwetu kati ya kituo kimoja na kingine kuna mamia ya kilomita, na rekodi nyingi zina mapengo ya miaka. Mruko wa nyuzi 2 utaonekana, wa 0.3, unaotokana na kisanduku cha kipimajoto kuachwa bila rangi au mti kukua karibu, unaweza kupita kimya kimya. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba daftari la historia ya kituo lina uzito uleule wa daftari la vipimo. Mistari miwili ya wino, "tumehamisha kisanduku mita 40 kwenda mashariki, tarehe fulani", inafanya kazi ambayo kompyuta yoyote haiwezi.

Miji nayo ina suala lake. Lami, matofali na mabati hushika joto la mchana na kulitoa usiku. NASA hutumia picha za setilaiti za mwanga wa usiku kutambua vituo vilivyomezwa na mji, na kurekebisha mwelekeo wake wa muda mrefu ufanane na majirani wa vijijini.

Baharini ndiko kwenye kazi

Bahari ni asilimia 71 ya uso wa dunia, kwa hiyo namba ya dunia kwa sehemu kubwa ni namba ya bahari. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1853 uliwapatanisha mabaharia wa nchi mbalimbali kuhusu namna ya kuandika hali ya hewa kwenye madaftari ya meli, na madaftari hayo ndiyo tunayotegemea mpaka leo kwa karne ile.

Maji yalichotwa kwa ndoo. Mwanzoni ndoo za mbao, baadaye za turubai. Ndoo ya turubai inavuja jasho pande zote, upepo wa sitahani unaikausha, na maji yanapoa wakati baharia anasubiri kipimajoto kitulie. Dakika chache zinatosha kupoteza sehemu kadhaa za kumi za nyuzi. Kadiri mbao zilivyopungua na turubai kuongezeka, na meli zilivyokwenda kasi, baridi ya uongo iliongezeka. Marekebisho yake ni kuongeza nyuzi, kidogo kwa miaka ya 1850, hadi karibu 0.4 kuelekea 1940.

Ikaja Vita ya Pili. Kutoka sitahani usiku na taa kusoma kipimajoto ni kujitangaza kwa adui, na vipimo vingi vya wakati huo ni vya meli za Marekani ambazo zilipima maji yanayoingia kupoza injini. Chumba cha injini ni cha moto, namba zikapanda. Vita ilipoisha 1945 meli za Uingereza zenye ndoo zikarudi kwa wingi, na rekodi ghafi ikaonekana kama bahari imepoa ghafla. Mwaka 2008 timu ya mwanasayansi David Thompson ilionyesha kuwa mporomoko ule wa karibu nyuzi 0.3 ulitokana na mabadiliko ya nani anapima na kwa kifaa gani.

Tangu miaka ya 1980 maboya yameongezeka sana. Boya hugusa maji yenyewe, halina injini, na kwa wastani husoma chini ya meli kwa nyuzi 0.12. Maboya yanapochukua nafasi ya meli bila marekebisho, bahari inaonekana kupoa polepole. Katika Bahari ya Hindi kuna safu ya maboya yaliyotiwa nanga iitwayo RAMA, na chini ya maji kuna vyombo vya Argo, karibu 4,000 duniani kote. Kila kimoja huelea kwenye kina cha mita 1,000, hushuka hadi 2,000, kisha hupanda kikipima njiani na kutuma data kwa setilaiti, mzunguko mmoja kila siku 10. Argo ndiyo inayotuonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linaingia baharini.

Sasa pima marekebisho yote kwa pamoja. Mengi ya nchi kavu huongeza kidogo mwelekeo wa joto. Ya bahari hupunguza, na bahari ni kubwa. Kwa jumla, ukikataa marekebisho yote na kutumia data ghafi, dunia inaonekana imepata joto zaidi tangu karne ya 19. Anayedai kwamba wanasayansi wanarekebisha ili kuongeza joto aanzie hapo.

Ukipakua data mwenyewe

Jedwali la NASA huandikwa kwa muundo zaidi ya mmoja. Faili la maandishi la GISTEMP, yaani rekodi hiyo ya NASA, huweka namba kwa sehemu za mia za nyuzi, kwa hiyo 128 ni 1.28, faili la CSV huweka nyuzi zenyewe. Mwezi ambao haujafika hujazwa nyota, na programu ya jedwali inaweza kuigeuza safu nzima kuwa maandishi yasiyohesabika. GHCN ya kila mwezi huandika sehemu za mia za nyuzi: 1785 ni 17.85. GHCN ya kila siku huandika sehemu za kumi: 178 ni 17.8. Zote mbili hutumia −9999 pale kipimo kinapokosekana, na hilo ndilo linaloharibu kazi za wanafunzi kuliko yote, kwani siku moja ya −9999 ikiingia kwenye wastani inauangusha mwezi mzima. Futa hizo kwanza, kabla hujagusa kitu kingine. Tafuta kituo kwa namba yake ya WMO badala ya jina: Mbeya ni 63932, Iringa 63887, Songea 63962.

ERA5 ya Copernicus ni kitu tofauti. Ni modeli ya hali ya hewa inayolishwa vipimo vya kila aina, kuanzia 1940, yenye vipande vya kama kilomita 31. Inajaza kila mahali, hata pasipo na kituo. Lakini ndani ya kilomita 31 kutoka Tukuyu unaweza kukuta kilele cha Rungwe na mashamba ya mpunga ya kuelekea Kyela, na modeli inavipa vyote mwinuko mmoja. Itumie kwa tofauti. Usiitumie kumwambia mkulima usiku wa leo utakuwa na nyuzi ngapi shambani kwake.

Kwa shule, chama cha wakulima au shamba linalotaka kuanza

Kisanduku kiwe cheupe, chenye mbao za mshazari pande zote, kipimajoto kikiwa kati ya mita 1.25 na 2 juu ya majani mafupi. Kisiwe juu ya saruji, kisiwe karibu na ukuta wa matofali au paa la bati, na umbali wake kutoka kwenye kizuizi chochote usipungue mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Mti wa mkaratusi wenye mita 15 unataka mita 30, na utakua, kwa hiyo weka zaidi. Usikiweke kwenye shimo la bonde ambako hewa ya baridi hutuama usiku, isipokuwa unachotaka kujua ni bonde hilo. Wenye chai Mufindi wanajua tofauti ya mistari ya chini na ya mgongoni asubuhi ya Juni.

Mlango una hesabu yake. Mbeya iko karibu latitudo 9 kusini, na jua la mchana hupita utosini katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Kati ya tarehe hizo liko kusini. Miezi mingine yote liko kaskazini. Kisanduku chenye mlango mmoja kiangalie kusini. Chenye milango miwili ni bora, fungua ule ulio kivulini.

Soma saa 3 asubuhi kila siku. Macho yawe usawa wa ncha ya zebaki, na anza na sehemu ya kumi kabla ya namba nzima, kwa sababu pumzi na mwili wako vinapasha. Kiwango cha juu unachosoma asubuhi ni cha mchana wa jana, kiandike kwenye tarehe ya jana. Cha chini ni cha alfajiri ya leo. Usihamie kusoma jioni. Ukikianzisha upya kipimajoto cha kiwango cha juu saa 10 jioni ya siku ya joto kali, kinaanza siku mpya kikiwa tayari juu, na kesho ikiwa na ubaridi joto la jana linahesabiwa mara mbili. Marekani wana waangalizi wa kujitolea waliohama kutoka kusoma jioni kwenda asubuhi katika karne ya 20, na hilo peke yake liliingiza ubaridi wa uongo kwenye rekodi yao.

Kipimajoto cha spiriti hukatika: vipande vya spiriti hupanda juu ya mrija na kiwango cha chini kinasomeka chini ya ukweli. Angalia mrija mzima kila wiki, siyo ncha tu. Vya zebaki vinaondolewa sokoni kwa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, kwa hiyo vituo vinahamia vihisi vya kielektroniki. Kihisi huitikia joto haraka kuliko zebaki na hushika miale mifupi ya joto, na vile vya bei ndogo vyenye kikinga cha plastiki huweza kuzidisha kwa zaidi ya nyuzi moja mchana mtulivu wa jua kali la milimani. Viweke vyote viwili pamoja kwa mwaka mmoja kabla ya kuacha cha zamani. Miwili ni bora.

Likizo ya Juni ni hatari kwa vituo vya shule. Shule zinafungwa wakati huohuo wa baridi kali, vipimo vinakatika, na mwaka mzima unatoka na joto kuliko ulivyokuwa. Mwalimu anayeishi shuleni au mlinzi afundishwe kabla ya kufunga. Na kwa mwenye viazi, ongeza kipimajoto kimoja usawa wa majani: jalidi, ile barafu nyeupe ya alfajiri, hupiga chini wakati kisandukuni bado kuna nyuzi 3 au 4. Namba hiyo isiingie kwenye wastani wa mwezi, ni ya shamba.

Kwenye daftari la historia andika latitudo, longitudo, mwinuko, aina na namba ya kila kifaa, tarehe ya kupaka rangi, mti uliokatwa, jengo lililoinuka. Piga picha pande nne kila mwaka, ukisimama palepale.

Kuna pia rekodi za zamani: mashamba ya chai, misheni, vituo vya utafiti wa kilimo. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani bado inahifadhi Hamburg vipimo vya ng'ambo vya enzi za ukoloni wao, na vingine vimo makabatini hapa hapa. Ukilipata daftari la namna hiyo, piga picha kila ukurasa, hata ulio mtupu. Halafu watu wawili waandike namba kwenye kompyuta kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Vipimo vya enzi ya Mwingereza viko kwa Farenhaiti. Viandike hivyohivyo, na kubadilisha, yaani toa 32 zidisha kwa 5 gawa kwa 9, kufanyike kwenye safu ya pembeni. Namba unayoona wazi kuwa si sahihi usiifute wala kuinyoosha. Iache ilivyo, weka alama, na andika kwa nini umeitilia shaka.